Kasuku wa Jirani Ndani ya Eda Yangu

Tangu nifike nchi hii nimewekewa amana mara mbili. Ya kwanza ni mtoto wa binti yangu, ambaye nilikuja kumlea tangu uchanga wake, naye sasa anatembea na kunivuta khanga. Ya pili ilikuwa kasuku wa jirani, na hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe, kwa sababu sikuirudisha kama nilivyoipokea, na mwenyewe hakuwapo tena nimwombe radhi.

Anayeandika ni mjukuu wangu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitano. Mimi sikupelekwa shule. Hata pasipoti yangu ina alama ya dole gumba mahali pa saini. Nimemwagiza aandike ninavyosema, asipambe wala asinitetee. Majina sitayataja. Mmoja amekufa, na walio hai sikuwaomba ruhusa.

Nilitoka Tanga na sanduku moja, nikaja Guildford, huku magharibi mwa Sydney, kumsaidia binti yangu aliyekuwa anakaribia kujifungua. Nilikusudia kukaa miezi mitatu. Mtoto hakuwa ametimiza siku arobaini mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, na miezi mitatu ikawa mwaka, kisha mwaka na nusu. Mume wangu alibaki nyumbani peke yake, akipikiwa na mke wa mdogo wangu. Kila Ijumaa tulizungumza kwa simu, naye kila Ijumaa aliniuliza swali lilelile, kama nimepata ndege. Nikimjibu bado, alisema haya, na akanihadithia bei ya samaki.

Nyumba ya binti yangu imetengwa na ya jirani kwa uzio wa mbao unaonifikia kidevuni. Upande wa pili palikuwa na mti unaofanana na mnazi, ila matunda yake hayazidi zabibu kwa ukubwa. Makuti yake yalipokauka yalianguka yenyewe kwa kishindo, yakalala pale siku nyingi bila mtu kuyataka. Sikuweza kustahimili kuyaona yakiharibika. Siku moja nilimwonyesha jirani kwa mikono kwamba nayahitaji, akanifungulia lango, nikayakokota upande wetu, nikakaa na kisu nikayachambua chelewa moja moja, nikafunga ufagio. Jirani alidhani nimemsafishia ua wake kwa wema. Kesho yake alileta ndimu mfuko mzima na kunishika mkono. Sikumsahihisha, kwa kuwa sikuwa na lugha ya kumsahihishia.

Alikuwa mzee wa Uruguay, mjane, aliyefanya kazi katika viwanda vya Fairfield mpaka mgongo ukamshinda. Alinizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Mwanawe mmoja aliishi jimbo jingine. Nyumbani mwake hapakuwa na mtu ila kasuku wa kijani mwenye kifua cha kijivu, kama mtu aliyevaa kanzu iliyopauka juu ya nguo mpya. Hakuwa mkubwa, mkia ndio uliomfanya aonekane mrefu. Alikaa juu ya bega la mzee, akiuma kola ya shati lake, na kola zote za mzee yule zilikuwa na meno kama msumeno.

Mambo ya ndege huyo niliyapata kwa mzee mwenyewe, mjukuu wangu akisimama katikati na kunigeuzia maneno. Alisema kwao huitwa kotora, na ni wengi kama kunguru walivyo wengi kwetu. Kasuku wengine hutafuta shimo katika mti wakalala, lakini huyu hujenga. Hukusanya vijiti vya miiba na kusuka nyumba kubwa juu ya mti mrefu, kila mume na mke wakiwa na mlango wao, na watoto wakikua hujenga pembeni ya wazazi, mpaka nyumba inakuwa nzito kama gari na wakati mwingine huvunja tawi. Wakulima huwachukia kwa kuwa hula mahindi na alizeti. Baba yake alikuwa akifunga tambara lenye mafuta kwenye ncha ya ufito mrefu, akaliwasha, akachoma nyumba hizo, na mzee alisema kelele za ndege hao bado anazisikia. Wengine hukamata makinda wakayauza mjini.

Kisha akacheka, akanionyesha mkaratusi mkubwa ulioko nyuma ya nyumba yetu. Alisema mti wanaoupenda zaidi kujengea huko kwao ni huo huo, uliochukuliwa kutoka nchi hii na kupandwa kwa mistari kuwakinga ng'ombe na upepo. Mti umekwenda kwao, ndege amekuja huku, na wote wawili wanadhani wako nyumbani. Ndege wake yeye alianguliwa ndani ya tundu kwa mfugaji wa Liverpool. Hajawahi kumwona hata mmoja wa jamii yake. Jioni, kasuku weupe wa porini walipopita juu ya mapaa wakipiga ukelele, alitandaza mbawa na kuwaita, nao hawakugeuka, kwa kuwa hawakuwa ndugu zake. Lakini ukimpa kijiti, alijua la kufanya. Alikichomeka katika waya za tundu, akakivuta, akakikaza, akatazama kama kimekaa sawa, kama ninavyotazama mimi ukili ninaposuka.

Mjukuu wangu alimfundisha mzee kusema shikamoo, bila kumfundisha nani humwambia nani. Akawa anamwamkia kila mtu: mimi, mkwe wangu, mtoto mchanga, hata mleta vifurushi. Nilimkemea mjukuu wangu, nikamwambia mkubwa haamkii mdogo, amfundishe vizuri au asimfundishe kabisa. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lugha ninayoielewa kidogo ila siisemi, kwamba mzee anaipenda hivyo hivyo. Kuacha shikamoo bila jibu ni tusi, kwa hiyo nilimjibu marahaba, kwa aibu, kama mtu anayepokea zawadi iliyopotea njia. Kabla ya mwezi kwisha, kasuku naye alikuwa anasema shikamoo, kwa sauti ya mzee, na mkwaruzo wa kifua chake ndani yake.

Mwanzoni mwa majira ya baridi ya mwaka wa pili, mume wangu alikufa. Aliugua siku sita. Sikumwosha uso, sikumfunga kidevu, sikumwona akitolewa nje ya nyumba tuliyoijenga pamoja. Mtoto wa mdogo wangu alishika simu juu ili nione mazishi, na nilichokiona ni migongo ya wanaume na kipande cha mbingu. Kisha chaji yake ikaisha.

Nikakaa eda hapa hapa. Binti yangu alinipa chumba chenye dirisha linalotazama uzio, nikavua hereni na bangili, nikaweka mbali udi na manukato, nikanuia miezi minne na siku kumi. Wiki chache baadaye serikali nayo ikawafungia watu wote wa upande huu wa mji majumbani mwao. Mjukuu wangu alisema sasa Sydney nzima iko edani. Nilimwambia eda si mzaha. Lakini helikopta zilipozunguka juu yetu na barabara ikawa kimya, sikuona tofauti kubwa.

Mzee aliendelea kuja kwenye uzio kila alasiri, ndege begani, akiita shikamoo. Hakuwa maharimu wangu. Nilikaa nyuma ya pazia na kumwambia mjukuu wangu, "Mwambie sitoki." Akaenda akamweleza kwamba nimefiwa na kwamba desturi yetu ni kukaa ndani. Mzee alisema anaelewa, kwa kuwa yeye pia alizika mke, akaacha ndimu juu ya uzio. Kesho yake alasiri akaja tena. Nikasema tena mwambie sitoki. Sauti yangu si ndogo, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya ukungu wa ukutani. Hakuhitaji tena kutafsiriwa. Aliposikia maneno hayo alikuwa akiinamisha kichwa, akasimama kidogo, kisha akaondoka.

Hapa nataka neno liandikwe bila kupunguzwa. Eda haikunikataza kumjibu mzee kwa nyuma ya pazia. Hilo nililijua. Mama yangu alikaa eda na aliwajibu majirani waliopita barazani. Lakini mimi sikuwa nimemfanyia mume wangu lolote katika ugonjwa wake wala katika kifo chake. Lililobaki mikononi mwangu lilikuwa eda tu, nikataka niikaze mpaka isipite hata sindano. Kumnyima mzee marahaba yake niliona ni sehemu ya kumheshimu marehemu. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na hakuna aliyeniingiza fikra hiyo ila mimi mwenyewe.

Kisha zikapita siku mbili bila mzee kuja. Siku ya tatu gari la wagonjwa lilisimama mbele ya nyumba yake, wakashuka watu waliovaa mavazi ya plastiki. Mjukuu wangu alikimbilia uzioni na barakoa yake. Mzee alikuwa ameketi kwenye ngazi, akihema, tundu la kasuku likiwa kando yake pamoja na mfuko wa mbegu. Alimwambia mjukuu wangu anatuachia ndege mpaka atakaporudi, na kwamba ampe bibi yake, si mtu mwingine, kwa sababu bibi ndiye aliyekuwa akimpa vijiti uzioni, na ndege amemzoea. Nilisikia yote. Mjukuu wangu akageuka kutazama dirisha langu.

"Mwambie nimepokea," nikasema.

Hayo ndiyo maneno pekee mapya niliyompa tangu nianze eda. Mkwe wangu alivaa glavu, akalipitisha tundu juu ya uzio, akalifuta kwa dawa waya kwa waya, kwa kuwa binti yangu, ambaye ni muuguzi katika nyumba ya wazee, aliogopa ugonjwa. Niliweka nia moyoni kwamba nitamrudisha ndege huyu mzima mikononi mwa mwenyewe.

Siku hiyo hiyo, tundu likiwa limeshawekwa chumbani kwangu, nikiwa kwenye mkeka nasali alasiri, sauti ya mzee ikasema shikamoo nyuma ya bega langu.

Sikumaliza sala ile sawasawa. Sauti ya mwanamume asiye maharimu, ndani ya chumba changu cha eda, karibu na sikio langu. Niliagiza tundu litolewe, likawekwe katika chumba cha kufulia nyuma ya nyumba, ambacho mlango wake ni wa bati na sakafu yake ni ya saruji. Binti yangu alisema huko kuna baridi. Nikasema lifunikwe kwa khanga. Likafunikwa khanga mbili, na kila asubuhi nilitoa maji na mbegu kwa mkono wa mjukuu wangu, akivipenyeza chini ya khanga bila kuzifunua, nikaona amana imetunzwa.

Nilimpigia mdogo wangu Tanga kumuuliza kama sauti ya ndege inahesabiwa kuwa sauti ya mtu. Alicheka mpaka mkewe akamnyang'anya simu. Mkewe akaniuliza kwa upole, "Wifi, huyo ndege ametaka kukuposa?" Nikawaambia nimeuliza suala la dini, na kama hawalijui waende kwa sheikh. Walikwenda. Jibu lilichukua siku tatu kunifikia. Sheikh alisema ndege si mwanamume, na eda haikuwekwa kumtesa kiumbe wala kuwanyima watu salamu. Sehemu hiyo ya pili sikuwa nimeiuliza.

Lakini siku tatu zilikuwa zimeshapita. Mjukuu wangu alipofunua khanga mbele yangu, kasuku alikuwa amekaa chini ya tundu badala ya kwenye kijiti, na kifua chake kilikuwa uchi. Alikuwa amenyonyoa manyoya ya kijivu moja moja kwa mdomo wake mwenyewe, mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu na yenye vipele kama ya kuku aliyeandaliwa. Manyoya yalijaa sakafuni. Aliponitazama alinitazama kwa jicho moja, kisha akageuza kichwa.

Nilisema apelekwe kwa daktari mara moja. Jioni hiyo binti yangu alipigiwa simu kutoka kazini kwamba mgonjwa wake mmoja ana korona, na nyumba yetu yote ikawekwa karantini siku kumi na nne. Hata kutoa takataka haikuwa halali. Askari walikuja wakiandamana na wanajeshi kutuhesabu mlangoni. Mkwe wangu alituita kwa majina, mimi nikiwa nyuma ya shela yangu. Mjukuu wangu akawaambia kuna wa sita, naye yuko uchi, na askari mmoja kijana akashindwa kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Daktari wa ndege tulimpata kwa simu tu. Alimtazama kwenye kioo, akasema awekwe penye joto, asikae peke yake, azungumzishwe, apewe kazi ya mdomo. Ndege wa aina hii hawajui kuishi bila wenzao. Akasema akishazoea kujinyonyoa huenda asiache.

Nikamleta chumbani kwangu. Nikaweka hita karibu na tundu, nikakaa naye tangu alfajiri mpaka usiku, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda. Siku mbili hakula. Nilimtafunia mkate nikamwekea, akaukanyaga. Sikuwa nimezoea kumwomba kiumbe ale, maana watoto wangu wote walikula walichopewa. Siku ya tatu niliufungua ufagio wangu, ule wa makuti ya mti wa bwana wake, nikachomeka chelewa moja kati ya waya. Aliitazama kwa muda mrefu. Akapanda, akaikamata, akaivuta ndani.

Mpaka mwisho wa wiki nilikuwa nimempa ufagio wote. Alisuka upande mmoja wa tundu, chelewa juu ya chelewa, na mlango mdogo unaotazama kitanda changu. Nilikaa pembeni nikimwangalia jinsi anavyokaza, na mara nyingine nilimwambia hapo umeacha wazi, naye baadaye alipaziba, ingawa sidhani ni kwa sababu yangu. Alikula. Kifua hakikuota manyoya, lakini hakujinyonyoa zaidi ya pale. Nikaanza kupanga jinsi nitakavyomwambia mzee: nimemwacha akapata baridi, ni kosa langu, lakini yu hai na amejijengea nyumba.

Ndipo alasiri moja, saa ile ile ya uzioni, kasuku akasema shikamoo kwa sauti ya mzee. Akanyamaza kidogo. Kisha, kwa sauti ya mwanamke mkali, akasema, "Mwambie sitoki."

Niligeuka kutazama nani amesema. Chumbani nilikuwa peke yangu. Sauti ile ilikuwa yangu, na sikuwahi kuisikia kutoka nje kabla ya siku hiyo. Akarudia yote mawili, salamu na jibu lake, na kila aliporudia kulikuwa na kimya katikati, kimya kile kile ambacho mzee alisimama akisubiri.

Niliamua kumfundisha neno la tatu. Kila aliposema shikamoo nilimjibu marahaba kabla hajafika kwenye la kwangu. Nilisema mara kumi, mara ishirini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akangoja nimalize, kisha akasema mwambie sitoki. Mjukuu wangu alisema ndege hujifunza kile kinachosemwa kwa hisia kali. Nilimuuliza kama marahaba yangu haina hisia.

Siku chache baadaye muuguzi wa hospitali alipiga simu kwa namba ambayo mzee alikuwa amewapa. Alisema mzee amedhoofika, mwanawe hawezi kuvuka mpaka wa jimbo, na yeye mwenyewe ameomba jambo moja, amwone ndege wake na amsikie. Ilikuwa simu ya picha. Nilimwagiza mjukuu wangu amshikie kasuku simu, nami nikasogea nyuma ya kabati, kwa kuwa eda yangu haikuwa imekwisha na sikutaka nionekane. Hata wakati huo nilichagua kabati.

Kutoka pale nilimwona mzee kidogo kwa upande. Alikuwa na kifuniko cha hewa usoni, na shati la hospitali ambalo kola yake ilikuwa nzima. Muuguzi aliinua kifuniko. Mzee akatazama tundu, akatazama nyumba ya chelewa, nikaona macho yake yakienda juu na chini kama mtu anayesoma. Nilimwona pia alipofika kwenye kifua cha ndege.

"Shikamoo," akasema.

Kasuku alinyamaza. Mzee akavuta hewa, na akarudia. Nilikuwa naomba moyoni ndege asiseme lolote.

"Mwambie sitoki," kasuku akasema, kwa sauti yangu, wazi, kana kwamba niko dirishani.

Kwenye simu ikatoka sauti fupi. Mjukuu wangu anasema mzee alicheka. Mimi nilisikia kikohozi. Tumebishana juu ya jambo hilo mara nyingi, na nimemruhusu aandike kwamba alicheka, ila aandike pia kwamba mimi sikusikia hivyo. Muuguzi alirudisha kifuniko na kusema kwa leo inatosha. Nilitoka nyuma ya kabati, nikaishika simu kwa mikono miwili, nikasema, "Marahaba, mzee wangu. Marahaba." Kioo kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na uso niliouona ndani yake ulikuwa wangu.

Tulipiga tena, ikalia bila kupokelewa. Kesho yake tuliambiwa amelala. Siku iliyofuata aliyepiga alikuwa mwanawe, kutueleza kwamba baba yake hayupo tena. Alizikwa na watu wachache wasiomjua, na mwanawe akatazama kwa simu, kama nilivyotazama mimi. Kabla ya mazishi nilimwambia mjukuu wangu amwambie mtu yule aangalie chaji yake. Alifikiri ni ukavu wa moyo, lakini aliufikisha ujumbe.

Eda yangu ilikwisha kabla mipaka ya majimbo haijafunguliwa. Nilioga, nikavaa, nikajifukiza, nikatoka mpaka uzioni kwa mara ya kwanza tangu nifiwe. Upande wa pili makuti yalikuwa yamerundikana. Sikuyachukua.

Mwana wa mzee alikuja wakati wa joto, mtu mnene wa makamo mwenye macho ya baba yake. Tulimkaribisha chai barazani. Nilimwambia kupitia kwa mjukuu wangu kwamba hii ni amana ya baba yako, niliipokea ikiwa nzima na ninairudisha ikiwa na upungufu, na upungufu umetoka kwangu. Nilimweleza habari ya chumba cha kufulia. Alisema ni ndege tu, mama, msijisumbue. Alipoiona nyumba ya chelewa alisema babu yake alikuwa akizichoma, naye hataivunja hii. Atalichukua tundu kama lilivyo.

Alikuwa ameinama kulibeba ndipo kasuku aliposema shikamoo. Mtu yule aliliweka tundu chini. Akaketi kwenye ngazi yetu na kufunika uso, kwa kuwa hakuwa amesikia sauti ya baba yake tangu kabla ya mazishi. Tukamwacha alie. Kisha sauti yangu ikafuata, na maneno yangu. Akainua kichwa, akauliza sauti ya pili ni ya nani na inasema nini.

Mjukuu wangu alinitazama. Nilijua angeweza kumwambia lolote, na mtu yule angeshukuru.

"Mwambie ni mimi," nikasema. "Mwambie na maana yake."

Akamwambia. Mtu yule alinitazama kwa muda, si kwa ukali. Aliuliza kama kuna neno lingine ambalo baba yake alipaswa kujibiwa. Nikalisema. Aliliweka tundu mbele yangu, akasema hana haraka. Nikasimama pale barazani, mwanamke mzima, nikimwambia kasuku marahaba, marahaba, huku mkwe wangu akiangalia pembeni. Kasuku alinitazama kwa jicho moja mpaka nikachoka. Kisha gari likaondoka.

Mjukuu wangu alinirekodi sauti na kumtumia yule bwana, naye alituahidi ataipiga kila siku. Ametimiza ahadi. Wiki iliyopita alitutumia picha ya video: tundu liko karibu na dirisha la jikoni, nyumba ya chelewa imeongezwa vijiti vya huko, na kifua cha ndege kimeota manyoya upande mmoja tu. Sauti yangu inasikika kutoka kwenye simu ikisema marahaba. Kasuku anainamisha kichwa na kusikiliza mpaka iishe. Anasubiri kidogo, kisha anasema mwambie sitoki.